Unene wa Kisu cha Kwanza

Kisu cha kwanza cha mhunzi hujulikana kwa unene wake. Mtu akikishika tu, kabla hajaambiwa kimetoka wapi, mkono unampa habari: ni kizito mbele, mgongo wake ni mpana kama wa shoka, na makali yamejitokeza ghafla kwenye ukingo, kama kitu kilichokumbukwa mwishoni. Kisu cha jikoni cha fundi aliyezoea kazi huwa na mgongo wa milimita mbili au tatu, na ubapa wake hupungua taratibu kutoka mgongoni hadi kwenye makali, hata jicho lisione mahali upungufu ulipoanzia. Cha kwanza kinaweza kufika milimita tano au sita, na unene huo unakwenda nacho karibu mpaka ukingoni. Kukata kinakata. Lakini kikitiwa kwenye boga au muhogo kinapasua kama kabari, na vipande vya kitunguu vinaruka kila upande.

Unene huo una sababu, na iliyo kubwa ni woga. Mwanagenzi amekaa muda mrefu akitamani kushika nyundo. Sasa anayo, na kipande cha chuma kilicho mbele yake kimekula fedha na makaa. Anajua kwamba chuma kilicholiwa na tupa hakirudi. Kila anapofikiria kuondoa kidogo zaidi anaona kisu kikiharibika, basi anaacha. Akiulizwa atasema alitaka kisu imara. Imara ni neno zuri, nalo huuficha woga vizuri. Ndiyo maana kisu cha kwanza kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko vyote vinavyokifuata. Ufundi ukishakomaa hufunika hisia za mwenye mkono. Katika kisu cha kwanza hisia hizo zimegandia ndani ya chuma, na mwenye macho anaweza kuzisoma kama anavyosoma nyayo kwenye matope yaliyokauka.

Habari ya kisu huanzia kwenye chuma chenyewe. Mafundi wengi wa zama hizi, wasiojuana na wasiosema lugha moja, wameanzia kwenye kitu kilekile: springi ya gari. Bapa la springi linalobeba uzito wa lori au Land Rover ni chuma chenye kaboni ya kiasi cha asilimia 0.6. Kaboni ndiyo inayokifanya chuma kikubali kukazwa kwa moto. Kiasi hicho kinatosha kisu kushika makali, wala si kikubwa kiasi cha kumwadhibu vikali mtu ambaye bado hajui kupima moto. Springi ikichoka au ikivunjika huishia kwa wauza chuma chakavu, na mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Gikomba jijini Nairobi na wa Katwe jijini Kampala wanajua pa kuipata. Huuzwa kwa kilo. Mwanagenzi hupewa kipande kilichobaki baada ya fundi kukata chake.

Anayeanza na nondo ya ujenzi hukutana na simanzi ya aina yake. Nondo ya kawaida ina kaboni ndogo. Kisu kinafuliwa kwa jasho lilelile, kinanyooka, kinang'aa, kinaitwa kisu na kila apitaye. Kikitiwa moto na kuzamishwa hakikaziki vya kutosha, na jioni ile ile makali yanakunjika juu ya mfupa wa kuku. Mkono haukukosea popote. Kosa lilifanyika asubuhi, wakati wa kuokota chuma, na hilo humuuma mwanagenzi kuliko kosa la nyundo, kwa sababu hana pa kulionyesha. Wako wahunzi waliotengeneza visu vitatu au vinne vya nondo kabla ya mtu kuwaambia.

Mfano mmoja wa springi umekuwa mashuhuri katika historia ya visu vya mkono. Mwaka 1953 Robert Loveless, Mmarekani aliyekuwa baharia wa meli za biashara, aliingia katika duka la Abercrombie & Fitch jijini New York akitaka kununua kisu kilichotengenezwa na Randall wa Florida. Aliambiwa asubiri miezi tisa. Hakusubiri. Alipata springi ya gari aina ya Packard la mwaka 1937 kwenye uwanja wa magari mabovu huko Newark, New Jersey, akaitengeneza kuwa kisu kwa kutumia jiko la mafuta la melini. Baadaye visu vyake vikauzwa katika duka lilelile, na kufikia kifo chake mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa watengeneza visu walioigwa zaidi duniani. Randall naye alikuwa ameanza kwa njia inayofanana na hiyo. Katika miaka ya 1930 alimwona mtu akikwangua rangi ya boti kwa kisu cha fundi William Scagel, na kisu kile hakikuonyesha kuumia. Alikitamani, kisha akajaribu kutengeneza cha kwake.

Hapo inaonekana hisia nyingine inayokaa ndani ya kisu cha kwanza, nayo ni tamaa, kwa maana safi ya neno hilo. Karibu kila kisu cha kwanza ni kivuli cha kisu cha mtu mwingine. Mwanagenzi wa Afrika Mashariki huiga kisu cha fundi wake, au kisu cha bucha alichokiona kikipita kwenye nyama kama kwenye siagi, au sime iliyokuwa kiunoni mwa babu. Umbo analolitafuta liko kichwani, limekamilika. Mkononi linatoka jingine. Pengo kati ya hayo mawili ndilo linalomfanya fundi akiangalie kisu chake cha kwanza kwa uchungu, ilhali jirani anakiona kisu tu, tena kizuri.

Uhunzi wa Afrika Mashariki haukuanza na springi. Zamani chuma kiliyeyushwa papa hapa kutoka kwenye mawe. Huko Ufipa, magharibi mwa Tanzania, tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu zilikuwa zikitoa chuma cha majembe, na mabaki yake bado yamesimama vichakani. Huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, wazee waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani waliijenga tena tanuri katika miaka ya 1970 mbele ya watafiti, wakayeyusha chuma baada ya miongo mingi ya kutoigusa kazi hiyo. Chuma cha viwandani kutoka Ulaya ndicho kilichozima tanuri hizo, kwa kuwa kilikuwa rahisi kupatikana. Wahunzi walibaki. Walihamia kwenye majembe yaliyochakaa, vipande vya reli na, magari yalipoenea, springi. Kijana anayefua kisu chake cha kwanza leo chini ya paa la bati anafanya nusu ya pili ya kazi ambayo babu zake waliifanya yote.

Njia ya kufikia kisu hicho hutofautiana sana kulingana na kama fundi ana mwalimu au hana. Loveless hakuwa na wa kumuuliza kwenye jiko lile la meli. Mwanagenzi wa karakana ana fundi, na kazi yake ya kwanza ni upepo. Huko Mamba, karibu na Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako wahunzi wa Kichaga wamejulikana kwa mikuki yao, mivukuto ya ngozi ya mbuzi imeendelea kutumika. Kwingineko upepo hutoka kwenye feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Vyovyote vile, kijana hukaa hapo wiki hata miezi, akivuta na kusukuma au akizungusha, na kumbe anasoma. Anajifunza moto unavyosema. Anajifunza fundi anavyosimama, nyundo inavyoanguka kwa uzito wake yenyewe badala ya kulazimishwa, na chuma kinavyorudishwa motoni kabla hakijawa cheusi. Siku anapopewa nyundo, macho yake yanajua mengi kuliko mikono, na hiyo ni hali ngumu kuistahimili. Anaona kila kosa linapotokea. Hawezi kulizuia.

Makosa ya kwanza hutoka kwenye kufua. Anayeanza hupiga chuma kikiwa kimeshapoa, kwa kuogopa kurudi motoni mara nyingi mno, na hapo nyundo huacha makovu badala ya kunyoosha. Makovu hayo hubaki. Katika visu vingi vya kwanza yanaonekana karibu na mgongo, mashimo madogo ya mviringo ambayo tupa haikuyafikia, yote yameegemea upande mmoja kwa sababu mkono ulikuwa umechoka na nyundo ikawa inatua kwa ukingo wake. Kosa la pili ni ncha iliyoungua. Ncha ni nyembamba, hivyo hupata moto mapema kuliko sehemu nyingine. Mwanagenzi anautazama mwili wa kisu akisubiri uwe mwekundu, na ghafla ncha inarusha cheche kama fataki. Chuma kinachorusha cheche kinaungua, na kilichoungua hakitengenezeki. Kinakatwa. Kwa hiyo visu vingi vya kwanza ni vifupi kuliko vilivyokusudiwa, na ncha zake ni butu. Anayekuta kisu kifupi, kinene, chenye ncha ya mviringo asidhani ni mtindo wa kabila fulani. Mara nyingi ni habari ya dakika moja ya kutotazama.

Yote hayo ni madogo mbele ya kuzamisha. Hapa ndipo moyo wa fundi mpya unapodunda, na hata wakongwe hawasemi ovyo wakati huo. Kisu kimeshapata umbo, lakini bado ni laini, kinapindika. Ili kikazike lazima kipashwe moto mpaka mpangilio wa ndani wa chuma ubadilike, halafu kipozwe ghafla kabla chuma hakijapata nafasi ya kurudi kilipokuwa. Moto hupimwa kwa rangi, na rangi hudanganya. Mafundi wa jua kali wanalijua hilo kwa shida: kwenye mwanga wa mchana chuma chenye moto mkali huonekana chekundu hafifu, basi asiyezoea huongeza moto, na chuma kilichozidiwa moto kinakuwa na chembe kubwa ndani na huvunjika kirahisi. Ndiyo sababu wengi hutundika gunia au bati juu ya moto, au husubiri jioni. Njia nyingine ni sumaku. Chuma kikifika kiasi cha nyuzi joto 770 za Selsiasi, sumaku haikivuti tena. Sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha kwa kazi hiyo. Mwanagenzi hugusisha, inanasa, anarudisha motoni. Anagusisha tena, inanasa kidogo. Mara ya tatu inapita kama inapita juu ya jiwe, na hapo anajua kwamba bado kitambo kidogo tu.

Kisha ni mafuta. Springi hupenda mafuta kuliko maji, kwa sababu maji huipoza kwa kasi mno. Kisu kinaingia kwa ncha, kimenyooka wima, na moshi mzito unapanda. Kinachofuata ni sekunde chache ambazo aliyezipitia huzikumbuka maisha yake yote. Hakuna cha kufanya. Nyundo haina kazi, tupa haina kazi. Fundi mwenyewe, mwenye miaka thelathini ya kazi, hawezi kumsaidia mtu sekunde hizo. Wote waliopo wanasikiliza. Kinachosikilizwa ni mlio mmoja mdogo, mwembamba, kama ukucha uliogongwa kwenye glasi. Ukisikika, kisu kimepasuka. Ufa unaweza kuwa mfupi kama punje ya mchele, lakini kisu kimekwisha. Usiposikika, kisu kinatolewa, kimekuwa cheusi, kinanuka mafuta yaliyoungua, na mwanagenzi anakiinua usawa wa jicho kuangalia kama kimepinda.

Huwa kimepinda. Kidogo tu, lakini kimepinda, na kwa muda mfupi kikiwa bado na joto kinaweza kunyooshwa kwa mkono uliovaa kitambaa kizito. Wanaojua hufanya hivyo upesi. Wanaoanza husita, kwa sababu wametoka kuona kitu kikiokoka na hawataki kukigusa. Basi mpindo unabaki, na visu vya kwanza vilivyo vingi vina mpindo huo, ambao mwenye kisu huutambua kila anapokata mkate na kuona kipande kikitoka chembamba upande mmoja.

Baadaye huja tupa. Mwanagenzi anapitisha tupa kwenye makali, na ikiwa kazi imefaulu tupa inateleza, haishiki, inatoa mlio mkavu. Furaha ya mlio huo ni kubwa kuliko furaha ya kumaliza kisu. Kwa mara ya kwanza amekibadilisha chuma tabia, na hakuna macho yanayoweza kuliona badiliko lenyewe. Lakini furaha hiyo hiyo imevunja visu vingi. Chuma kilichotoka kukazwa ni kigumu na ni chepesi kuvunjika. Kikianguka kwenye sakafu ya saruji kinaweza kukatika vipande viwili. Kinapaswa kurudishiwa moto mdogo, kiasi cha nyuzi 200 hivi, mpaka uso wake uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu. Wengine hukilaza mgongo wake juu ya chuma kizito kilichopashwa moto na kutazama rangi zikitembea kuelekea kwenye makali: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha buluu. Kwa kisu, pa kusimama ni kati ya njano na kahawia. Buluu inafaa springi, na mwanagenzi aliyegeuka kumjibu mtu aliyemwita hukuta makali yake yameshakuwa buluu, yaani yamerudi kuwa kile kilichotolewa kwenye gari.

Mpini hauna hatari kubwa, na pengine kwa sababu hiyo ndipo majivuno yanapojitokeza. Mbao ya mninga au kipande cha mpingo hutobolewa, msuka wa kisu hupashwa moto mpaka uwe mwekundu na kuchomekwa, ukiunguza njia yake wenyewe ndani ya mti kwa harufu ya moshi mtamu. Noleo hukatwa kwenye bomba la shaba. Kati ya noleo na ubapa hubaki upenyo, mpana kiasi cha kuingiza wembe, na upenyo huo hujazwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Hakuna anayedanganyika. Kisha huja mapambo: michoro ya kuunguza, pete za waya, misumari mitatu mahali ambapo miwili ingetosha. Fundi mkubwa hupunguza. Anayeanza huongeza, kwa sababu ubapa wenyewe bado haujaweza kusema anachotaka kusema.

Huko Marekani kuna chama cha wahunzi wa visu kilichoanzishwa mwaka 1976, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa William Moran wa Maryland. Chama hicho huwapa wahunzi wake mtihani unaosaidia kukielewa kisu cha kwanza kwa kinyume chake. Kisu cha mtahiniwa lazima kikate kwa pigo moja kamba ya unene wa inchi moja inayoning'inia huru, kisha kikatekate mbao za ujenzi, kisha bado kiweze kunyoa nywele za mkono. Baada ya hapo kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90 bila kuvunjika. Kisu kinachofaulu kinaharibika palepale. Uzima wake wa ndani umethibitishwa kwa kukitoa mhanga. Kisu cha kwanza hakuna anayekitenda hivyo. Kinawekwa, kinafutwa mafuta, kinaonyeshwa wageni, na kwa sababu hiyo mwenye nacho hafahamu hasa alichotengeneza. Kunaweza kuwa na ufa ndani ambao haukupiga mlio. Kunaweza kuwa na chuma kizuri kuliko anavyodhani. Mapenzi yanamzuia kujua, na anaridhika na hali hiyo.

Hisia hizo hazikai mahali pamoja. Siku ya kwanza ni fahari tupu. Kisu kinapelekwa nyumbani kimefungwa kwenye gazeti, kinapitishwa mikononi mwa ndugu, mama anajaribu nyanya, na mwenyewe ananyoa nywele za mkono wake wa kushoto mpaka ngozi ibaki na kipara. Mwaka mmoja au miwili baadaye, mikono ikishafikia macho, fahari inageuka aibu. Hicho ndicho kipindi cha hatari kwa kisu cha kwanza. Fundi anakiona kila kasoro kwa mpigo, na ana uwezo wa kuziondoa. Mashine ya kusagia iko pale pale. Dakika kumi zingetosha kuupunguza mgongo, kufuta makovu ya nyundo, kuziba upenyo wa noleo. Wengi hufanya hivyo, na wanachobaki nacho ni kisu cha wastani ambacho si cha kwanza wala cha pili. Mafundi wanaojizuia wanafanya vizuri zaidi. Kile kisu ndicho ushahidi pekee wa jinsi mkono ule ulivyokuwa kabla haujajua kujificha, na chuma kikishasagwa ushahidi unaanguka sakafuni pamoja na vumbi. Miaka kumi ikipita, aibu nayo huyeyuka. Kinachokuja ni kitu kinachofanana na huruma, kama mtu anayekuta daftari lake la darasa la pili na kuona alivyokazana kuziandika herufi ndani ya mistari.

Lakini maelezo hayo yanamhusu fundi aliyeweza kubaki na kisu chake. Wahunzi wengi wa Afrika Mashariki hawakupata nafasi hiyo. Makaa yanalipiwa kila siku, springi inalipiwa, na kisu kilichokamilika ni mali ya karakana. Cha kwanza kinatandazwa sokoni pamoja na vya fundi, kwa bei ya chini, na mara nyingi kinauzwa siku hiyo hiyo kwa mtu asiyejua kwamba amenunua cha kwanza. Mwanagenzi anakiona kikiondoka. Kwake kumbukumbu haina kitu cha kushikilia, basi inakuwa ya vidole: anakumbuka uzito wake, anakumbuka upande ulipopindia. Na kuna jambo moja analolipata ambalo mwenye kuweka kisu kabatini halipati. Mnunuzi hurudi. Anarudi kulalamika kwamba makali yamemeguka, au kwamba mpini unacheza, au anarudi kununua kingine. Kwa njia hiyo kisu kinajibu.

Zipo jamii ambako kuuza kisu kulibeba uzito zaidi ya fedha. Miongoni mwa Wamasai wahunzi walikuwa watu wa pekee, wakiitwa ilkunono, na wafugaji hawakuoana nao. Maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yanaeleza kwamba mfugaji alipopokea kitu kilichoshikwa na mhunzi alijipaka mafuta mikononi kwanza, asije akapata madhara. Sime iliyolinda ng'ombe na mkuki uliomfanya kijana aitwe shujaa vilitoka katika mikono ambayo hakuna aliyetaka kuigusa. Kijana wa ilkunono aliyetoa sime yake ya kwanza alitazama ikipokelewa kwa mikono inayong'aa mafuta, halafu ikaondoka kiunoni mwa mtu ambaye asingemwoza binti yake. Kwa Wakikuyu mhunzi aliogopwa kwa njia nyingine: laana yake ilihesabiwa kuwa nzito kuliko ya watu wengine. Katika mazingira ya namna hiyo kisu cha kwanza kilikuwa pia siku ya kuingia rasmi katika hali ambayo mtu alizaliwa nayo na asingeweza kuitoka.

Kisu cha pili, kwa kawaida, huwa chembamba mno. Mwanagenzi amechekwa kwa unene wa kile cha kwanza, sasa anatumia tupa bila huruma, na ubapa unajikunja kwenye kuzamisha kama jani lililotupwa motoni. Cha tatu au cha nne ndicho kinachoanza kutulia katikati.

Na kile cha kwanza kilichouzwa, ikiwa kiliangukia jikoni kwa mtu mwenye subira, kina maisha yake ya ajabu. Kisu kinene kikinolewa ukingoni tu, kadiri ukingo unavyoliwa makali yanapanda kuelekea sehemu nene zaidi, na kisu kinazidi kuwa butu kwa umbo hata kama kimetiwa makali leo asubuhi. Lakini nyumba nyingi hazina kinoo cha dukani. Kisu hunolewa kwenye ngazi ya saruji mlangoni, au kwenye jiwe la uani karibu na karo, na mpishi hukilaza karibu bapa zima juu ya jiwe, upande huu mara kumi, upande ule mara kumi, akimwagia maji kwa kiganja. Jiwe linakula uso wote wa ubapa. Makovu ya nyundo yanafutika moja baada ya jingine, mpindo unapungua, noleo linalegea na kufungwa uzi. Baada ya miaka kumi ya mboga za majani, samaki na mihogo, mgongo bado ni mpana kama wa shoka, lakini chini yake ubapa umekuwa mwembamba na unapita kwenye kitunguu bila kurusha vipande. Kazi ambayo mwanagenzi aliogopa kuimaliza imemalizwa na mwanamke aliyekuwa akiwahi kupika.